Mchezo Uliotugawanya Kedowa

Wahenga walinena kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii nilifunzwa nikiwa shule ya msingi, nikaijibu katika mtihani na alama zangu nikapata. Lakini maana yake kamili niliipata likizo ya Desemba 2024, ndani ya saiba moja hapa Kedowa, kwa sababu ya mchezo wa kompyuta. Tafadhali usicheke kwanza. Najua wako walimu watakaosoma mwanzo huu na kusema, "Kumbe hapa ndipo wanapopotelea hawa!" Ninawaomba mnivumilie hadi mwisho, kisha mnihukumu.

Wewe uliyewahi kufika Kedowa unaijua baridi yetu. Jua likianza kuzama upande wa Kericho, baridi hutoka msituni ikashuka barabarani kama ng'ombe wanaorudi zizini. Saa hizo mtu mwenye akili hutafuta mahali penye watu wengi na mlango mmoja. Saiba ninayoisema ni mahali pa namna hiyo. Mchana wazee kwa akina mama huja kujaziwa fomu za serikali na kutoa nakala za vitambulisho. Jioni huwa zamu yetu sisi vijana. Mechi moja ya kandanda ya kompyuta ni shilingi 20, na anayefungwa humpisha mwenzake bila kelele.

Basi likizo hiyo mdogo wake mwenye saiba, ambaye yuko chuo kikuu, alikuja nyumbani na laptopu yake ya kuchezea. Siku ya kwanza alituonyesha Elden Ring, mchezo wa Wajapani uliotoka mwaka 2022. Lo! Huo ni ulimwengu wa giza tupu: wafalme waliooza, majoka, mashujaa waliorukwa na akili. Mchezaji hufa na kufufuka, hufa tena na kufufuka tena, mpaka mikono imtoke jasho. Tuliupenda si haba. Aliyeweza kuishi dakika tano mbele ya jitu la kwanza alipigiwa makofi kama bwana harusi.

Siku ya pili akafungua mchezo mwingine, akasema, "Hii nayo ni ya mtu wetu."

Mchezo huo unaitwa Tales of Kenzera: Zau. Ulitoka tarehe 23 Aprili 2024, na ulitengenezwa na kampuni ya Surgent Studios ya Uingereza. Mwanzilishi wa kampuni hiyo ni Abubakar Salim, mwigizaji aliyezaliwa Uingereza katika familia yenye asili ya Kenya. Wapenzi wa michezo hii wanaijua sauti yake, kwa maana ndiye Bayek wa Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Bei yake ulipotoka ilikuwa dola 20 hivi, yaani zaidi ya shilingi elfu mbili na nusu za hapa kwetu. Kwa pesa hizo unaweza kucheza mechi zaidi ya 120 za kandanda, na hesabu hiyo ilifanywa papo hapo na jamaa mmoja ambaye darasani hesabu humshinda.

Jambo lililotushangaza ni lugha. Alipofika mahali pa kuchagua sauti, tukaona Kiswahili kimo. Saiba nzima ililipuka kwa kicheko. "Tangu lini majitu ya kompyuta yakaongea Kiswahili?" Akakichagua, na tazama, wakaanza kunena Kiswahili kilichonyooka, si hiki chetu cha stegi. Mara moja jamaa wakageuka wakanitazama. Wanajua mimi ni katibu wa Chama cha Kiswahili. Nikavutwa mbele, nikapewa kigoda karibu na skrini niwe mkalimani pale maneno yatakapokuwa mazito, tena bila kulipa hata ndururu. Nani angedhani kwamba Kiswahili kingenipatia kiti cha mbele!

Acha nikueleze kisa chake kwa ufupi. Kijana mmoja aliyefiwa na baba yake anasoma kitabu alichoachiwa na huyo baba. Ndani ya kitabu mna hadithi ya Zau, mganga kijana ambaye naye amefiwa na baba. Zau hakubali. Anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye mapatano: nikikuletea roho kuu tatu zilizokataa kwenda kwako, unirudishie baba yangu. Kalunga anakubali, wakaanza safari. Zau ana vinyago viwili. Akivaa cha jua hupigana karibu kwa karibu kwa moto. Akivaa cha mwezi hurusha mishale ya baridi kutoka mbali. Hubadilisha vinyago hivyo kufumba na kufumbua, anaruka majabali, anaparamia kuta, na njia nzima Kalunga humfuata akimpa mawaidha kama mzee wa kijiji. Pahali pengine hukuta mbuyu, akaketi chini yake na kuzungumza juu ya mambo yaliyo moyoni, akaondoka pale na nguvu zaidi.

Sasa ndipo ngozi ya ngoma ilipoanza kuvutwa huku na huku.

Kundi la kwanza lilikuwa la mabingwa, wale waliokwisha kuonja Elden Ring. Hao waliudharau vibaya sana. "Hii gemu ni ya watoto wa nasari," alisema mmoja wa Kidato cha Nne. "Maadui ni wale wale! Ukiua wa kwanza umeua wote." Mwingine akasema unaisha haraka kama soda, maana mtu anaweza kuumaliza kwa muda wa saa 8 hadi 10 hivi. Mwingine alilalamika kwamba ramani yake haifichi mengi: huko kwingine ukibomoa ukuta unapata hazina, hapa njia ni moja tu. Na kulikuwa na malalamiko ya haki juu ya miiba. Zau anaweza kupigana na maadui kumi asife, lakini akigusa mwiba mmoja anakufa papo hapo, na wewe unarudishwa nyuma. "Mganga gani huyu anauawa na mwiba?" Tulicheka hadi mbavu zikauma.

Kundi la pili lilikuwa la wapenzi. Hao walisema, tazama rangi zile, sikiliza ngoma zile, umewahi kuona wapi shujaa aliyevaa kama sisi tunavyovaa katika sherehe? Mmoja wao alisema hivi, na nikayaandika maneno yake: "Kila siku tunapigana katika makanisa ya Wazungu na makasri ya Wajapani. Leo nimepumzika." Kwao Kiswahili peke yake kilitosha. Walirudia yale waliyoyasikia wakielekea nyumbani, na wiki ile barabara ya Londiani ilisikia Kiswahili sanifu ambacho haijapata kusikia tangu ilipowekwa lami.

Kundi la tatu lilikuwa dogo lakini lenye kelele. Hao hawakutaka hata kutazama. Walisema mchezo wenye mganga na mungu wa mauti ni ushetani mtupu. Msomaji, usiwacheke. Hapa kwetu neno mganga tunaliona kwenye vikaratasi vilivyobandikwa katika nguzo za stima, pamoja na nambari ya simu na ahadi ya kurudisha mume aliyepotea. Mvulana wa kanisa akisikia shujaa wa mchezo ni mganga, lazima ashtuke. Jamaa wa chuo kikuu alijaribu kuwaeleza kwamba babu yake Abubakar Salim alikuwa mganga wa dawa za kienyeji, na kwamba mtengenezaji alitaka kuonyesha tiba na si uchawi. Hawakusadiki. Mmoja alimjibu, "Kama ni tiba, mbona anaongea na kifo?" Swali hilo lilikosa wa kulijibu siku ile.

Huko ng'ambo nako wachezaji waligawanyika vivyo hivyo. Wengi walisifu hadithi na picha, kisha wakanung'unika kwamba vita vyake vinajirudia. Lakini wako ambao hawakuuzungumzia mchezo kabisa. Waliwatukana watengenezaji kwa rangi yao, hata Abubakar Salim akatoa video mwaka huo huo wa 2024 kuwajibu. Nilipoyasikia hayo niliona uchungu. Mtu anasema "mchezo huu ni mbovu" kumbe anachokichukia si mchezo. Maneno yake ni juu ya kitu kimoja na moyo wake uko kwenye kitu kingine.

Sikujua kwamba nilikuwa najisema mwenyewe.

Mwenye saiba alipoona ubishi hauishi, alichana katoni la sabuni akaandika upande mmoja MTAMU na upande wa pili MBOVU, akalitundika ukutani kwa msumari. Kila mtu apige mstari mmoja. Mwisho wa wiki mistari ya MBOVU ilikuwa 11 na ya MTAMU 7. Mstari mmoja katika ile 11 ulikuwa wangu. Niliupiga kwa nguvu hata kalamu ikatoboa katoni. Walioniuliza sababu niliwaambia, "Ni rahisi mno. Halafu huyu shujaa analialia tu, baba, baba, baba. Shujaa gani?"

Rafiki yangu ninayeketi naye dawati moja alikuwa miongoni mwa wale saba. Kijana huyo ni mpole, hana makuu. Alikuwa amefika mbali katika mchezo kuliko wengi, na jioni moja Zau alipokuwa ameketi chini ya mbuyu akimzungumzia baba yake, nilimwona mwenzangu akipangusa macho. Sijui ni pepo gani aliyenipanda. Nikapaza sauti mbele ya watu wote, "Oneni huyu! Analilia baba wa kompyuta!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aligeuka akaniambia polepole, karibu kwa kunong'ona, "Wewe ndiye ungeipenda gemu hii kutushinda sisi sote."

Nilimsukuma. Aliangukia benchi, benchi likagonga meza, na laptopu ingefika sakafuni kama mwenyewe asingeidaka kwa mikono miwili. Mwenye saiba alitutoa sote wawili kwa masikio. "Nje! Na msirudi hapa!" Nikaenda nyumbani gizani peke yangu, na njia nzima yale maneno yalinifuata kama mbwa.

Msomaji, sasa yanibidi niseme jambo ambalo sikulisema saibani. Baba yangu aliaga dunia mwezi wa Agosti 2023, nikiwa Kidato cha Kwanza. Alikuwa mfanyabiashara wa viazi. Alinunua magunia ya shangi kwa wakulima wa hapa Kedowa na Londiani, akayapakia katika lori kwenda Nakuru na Kisumu. Nyumbani tunaongea Kikipsigis, lakini kazi yake yote ilikuwa kwa Kiswahili. Kila siku alfajiri nilikuwa nikiamshwa na sauti yake ukumbini akibishana bei kwenye simu kwa Kiswahili cha sokoni. Ndiyo saa yangu ya kuamkia ilikuwa hiyo. Hata leo siamki vizuri.

Jioni zile alizolala nyumbani alitusimulia hadithi. Aliyoipenda kushinda zote ilikuwa ya Chemosi. Wale wasio wa huku, Chemosi ni zimwi letu Wakalenjin. Wazee husema ni nusu mtu nusu ndege, lina mguu mmoja, na kinywa chake hung'aa chekundu usiku kama taa. Hadithi ya Baba ilikuwa hivi. Moto wa nyumba fulani ulizimika, mama akamtuma mwanawe kwa jirani akaombe kaa la moto. Usiku ulikuwa mzito. Mvulana akaona mwanga mwekundu ng'ambo ya kijito, akadhani ndio moto wa jirani, akaufuata. Alipokaribia akashangaa, mbona moto huu unapumua?

Hapo Baba alinyamaza. Nikauliza, "Halafu?" Akasema, "Halafu kesho. Nina lori saa kumi usiku." Kesho yake hakulala nyumbani. Baadaye nikamkumbusha, akasema kesho. Halafu akaanza kuugua, na mtu hamwulizi mgonjwa habari za mazimwi.

Siku ya mazishi mjomba alitushika bega mimi na kaka yangu, akatuambia kwamba sasa sisi ndio wanaume wa boma, na wanaume hawalii. Alisema kwa upendo, simlaumu. Tangu siku ile nyumbani kwetu hakuna aliyetaja jina la Baba. Mama alitia koti lake ndani ya sanduku. Mimi nikajifunza kunyamaza, na nilifaulu kiasi kwamba nilijiona nimepona.

Ndipo jioni moja saibani, kijana wa katuni alipofungua kinywa na kumlilia baba yake mbele ya mauti, na kwa lugha gani? Kwa lugha ile ile iliyokuwa ikiniamsha alfajiri. Skrini ilipotea machoni mwangu. Nilikuwa mkalimani lakini sikusikia neno tena. Niliogopa jamaa wasinione, nikainuka, nikatoka nje kana kwamba nakwenda haja. Niliporudi nikauita mchezo ule mbovu. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kweli. Haikuwa urahisi, wala miiba, wala maadui wa aina moja.

Muhula wa kwanza wa mwaka 2025 tuliketi dawati moja mimi na yule rafiki bila kusemezana. Kitabu cha Kemia tulikuwa na kimoja. Tulikiweka katikati, na aliyemaliza ukurasa aligonga dawati kwa kidole ili mwenzake ajue. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya miezi mitatu.

Katika likizo ya Aprili, mke wa kaka yangu alijifungua mtoto wa kiume. Kogo, yaani nyanya yetu, akaja kwa ajili ya kumpa jina. Mila yetu Wakipsigis ni kwamba mtoto akizaliwa, akina mama wazee huyataja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na jina ambalo mtoto atapigia chafya ndilo la mzee aliyemrudia. Ugoro kidogo huisaidia chafya ije. Mama yangu ameokoka na mambo ya ugoro hayapendi, lakini hawezi kumkataza mama mkwe wake. Aliketi nje ya jiko akimenya viazi. Mimi nilikuwa nikipasua kuni, wanaume hawaruhusiwi kukaribia.

Tukamsikia Kogo ndani akiita majina. Akaita la babu wa babu yetu, kimya. Akaita la babu, kimya. Akaita la ndugu ya babu, kimya. Halafu akalitaja jina la Baba. Kwa miezi ishirini nilikuwa sijalisikia likitamkwa kwa sauti. Mtoto akapiga chafya.

Wanawake ndani wakapiga vigelegele. Nilimtazama Mama. Kisu kilikuwa kimesimama juu ya kiazi. Nilidhani atakasirika, lakini alianza kucheka, na kicheko chake kikageuka kilio, na akaendelea kumenya akilia vile vile. Mimi niliweka shoka chini nikaketi juu ya gogo. Mjomba hakuwapo. Nililia mpaka nikatosheka.

Je, ilikuwa ni ugoro au ilikuwa ni Baba? Sijui, msomaji, wala sikusudii kukugombanisha na mchungaji wako. Ninajua tu kwamba siku ile jina lake lilirudi nyumbani. Sasa huitwa mara ishirini kwa siku, hasa mtoto anapojikojolea.

Juma hilo hilo nilikwenda kwa rafiki yangu. Nilimkuta akikama ng'ombe. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu yenye methali tatu, lakini nilipofika nikasema tu, "Nisamehe. Nilikusukuma kwa sababu ulisema kweli." Akaendelea kukama. Kisha akasema, "Shika ndoo, huyu ana teke." Hivyo ndivyo tulivyopatana. Baadaye akanionyesha kwenye simu habari kwamba mwezi ule ule wa Aprili 2025 mchezo wetu ulikuwa umepata tuzo ya BAFTA kule Uingereza, ile inayotolewa kwa michezo inayopita burudani tu. Aliniambia huku akitabasamu, "Waambie wale kumi na mmoja." Lakini si habari zote zilikuwa njema. Julai 2024 kampuni yenyewe ilitangaza kwamba zaidi ya wafanyakazi kumi wako katika hatari ya kupoteza kazi zao. Kumbe hata anayesifiwa aweza kukosa unga.

Mwenye saiba alitusamehe kwa masharti ya kufagia. Ndugu yake alikuwa amerudi kwa likizo fupi na laptopu yake, nasi tukaucheza mchezo ule kutoka mwanzo, mimi na rafiki yangu tukipokezana pedi. Safari hii sikutoka nje. Tulifika mwisho. Mwisho wenyewe sitausimulia, nisije nikamharibia uhondo atakayeucheza. Nitasema tu kwamba yule kijana wa kanisa aliyeuliza kwa nini Zau anaongea na kifo aliuliza swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa saibani. Jibu langu ni kwamba aliyefiwa huongea na kifo kila siku. Tofauti ni kwamba Zau alifanya hivyo kwa sauti, na mimi kimoyomoyo.

Sasa nikiulizwa, je, mchezo ni mtamu au ni mbovu? Nitajibu kwa haki. Maadui ni wa aina chache mno, mabingwa wanasema kweli. Miiba ile ni dhuluma. Kuna mahali pa kukimbizwa ambapo mtu akikosea mara moja anarudia yote, na hapo hata rafiki yangu mpole alitamka neno lisilofaa kuchapwa gazetini. Mtu aliyelipa dola 20 ana haki ya kudai zaidi. Lakini walionena kwamba mchezo huo hauna kitu, hao wamepungukiwa. Mchezo mgumu ulinifundisha kuvumilia kufa kwangu mwenyewe mara mia moja. Huu rahisi ulinifundisha kuvumilia kufa kwa mtu mmoja, mara moja, asirudi tena na pedi. Sijui mabingwa hulipimaje jambo hilo.

Katoni la sabuni halipo tena. Lilitumiwa kuwashia jiko. Kwa hiyo siwezi kuufuta mstari wangu, na makala haya ndiyo kura yangu mpya. Ninawaomba wenzangu, mnapopima mchezo, kitabu, wimbo, ama hata mwenzenu darasani, mjiulize kwanza ni nini hasa mnachokikataa. Inawezekana kitu hakina kosa ila kimegusa kidonda.

Jambo la mwisho. Abubakar Salim alifiwa na baba aliyemsimulia hadithi, akaziweka hadithi hizo mahali ambapo mimi wa Kedowa nimezikuta. Mimi sina studio. Nina daftari la kurasa 96 nililonunua dukani, na nimeandika ndani yake hadithi ya Chemosi kwa Kiswahili hadi pale mvulana anaposhangaa moto unaopumua. Mwisho wake sina. Rafiki yangu ananiambia niutunge mwenyewe, na huenda nikafanya hivyo, lakini kwanza nataka kujua wazee waliumaliza vipi.

Kama babu au nyanya yako anaujua mwisho wa hadithi hiyo, tafadhali nitafute. Niko Kidato cha Tatu, dawati la tatu upande wa dirisha, na ukinikosa, mwambie tu ninayeketi naye.